Aliyemtoa Shimoni na Aliyempeleka Nyumbani

Hotuba iliyotolewa Mombasa, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, zoezi la chanjo likiwa linaendelea

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, walimu mliokuja na wanafunzi, na nyinyi vijana mliosimama nyuma na mbwa wenu kwa kamba: karibuni. Najua foleni ya chanjo ingali ndefu. Tena yuko bwana mmoja pale chini ya mwembe, mwenye masikio yaliyosimama, ambaye hotuba hii haimvutii hata chembe. Nikinyamaza ghafla, jueni namsubiri amalize kubweka.

Nimeombwa nizungumzie wanyama wa kituo chetu cha hifadhi, kuwaokoa na kuwaasili, yaani kuwachukua ukawalee nyumbani kwako. Kwenye bango hapo nje maneno hayo mawili yameandikwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi kazi yangu ni mapokezi. Mnyama akiletwa getini, mimi ndiye ninayemwandikia kadi. Akiondoka na familia, mimi ndiye ninayeifunga kadi hiyo. Kwa hiyo nawaona wanaoleta na nawaona wanaochukua, na ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba hawa ni watu wa aina mbili, na kazi zao ni mbili. Anayefaa kwa moja si lazima afae kwa nyingine. Shida nyingi zinazorudi getini kwetu zinatokana na mtu aliyekuja kufanya ya pili huku moyoni anafikiri anafanya ya kwanza.

Masika iliyopita mbwa jike aliteleza akatumbukia katika shimo la choo lililokuwa likichimbwa kwenye kiwanja cha ujenzi. Shimo lilikuwa na kina kuliko ngazi ya mafundi, na maji ya mvua yamejaa hadi kiunoni. Waliomsikia akilia walikuwa wengi. Wengine walimrushia mkate, wengine wakapiga picha. Fundi mmoja, mpiga plasta, alichukua ngazi mbili akaziunganisha kwa waya wa kufungia nondo, akavua shati, akashuka na gunia la viazi. Kufika chini hakumvamia. Alisimama majini amempa ubavu, hamtazami machoni, akingoja. Mbwa aliposogea mwenyewe, ndipo alipomtupia gunia kichwani, akamfunga mdomo kwa ukanda wa kitambaa, akapanda naye. Alimleta kwetu kwa tuktuk, yeye na mbwa wote matope matupu, akaniambia, "Dada, mtu wenu huyu. Mimi natakiwa saiti." Kwenye kadi, mahali pa jina la aliyemleta, niliandika "fundi", maana hata jina hakuacha. Hajarudi, wala hana deni la kurudi.

Hiyo ndiyo kuokoa: kumwondoa mnyama katika hatari iliyopo sasa hivi. Haitaki uwe na kiwanja, mshahara wala mke anayependa mbwa. Inataka akili itulie, na vitu vichache vilivyo karibu. Paka umfunge taulo mwili mzima, miguu ndani, kwa sababu paka aliyeogopa anatumia kucha za miguu yote minne kwa wakati mmoja. Mbwa mfunge mdomo kwanza, hata kama unamjua, kwa kuwa maumivu humfanya mbwa mpole aume. Asubuhi kabla hujawasha gari lililolala nje, gonga boneti, mtoto wa paka huenda kajificha juu ya injini. Na kwa kuwa leo ni siku ya kichaa cha mbwa, hili nalisema polepole: ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanzishiwe chanjo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usingoje uone mbwa atafanyaje. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu vyote, asilimia 99, chanzo chake ni mbwa. Tunataka waokoaji walio hai.

Mashekhe wamekaa hapa mbele na sitawafundisha kazi yao, lakini mtaniruhusu nikumbushe hadithi mbili mashuhuri ambazo kila mtoto wa chuoni amezisikia. Ya kwanza ni ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu kali, akakuta kisima, akashuka akanywa. Alipotoka akamwona mbwa ametoa ulimi, anakula tope kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji khofu yake, ile soksi ya ngozi, akaishika kwa meno ili mikono imwezeshe kupanda, akamnywesha. Mungu akampokelea tendo lile, akamsamehe. Ya pili ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini, hadi akafa.

Kwa miaka nimezisikia hadithi hizi zikisimuliwa kama moja nzuri na moja mbaya, huruma na ukatili, basi. Tangu nilipoanza kukaa mapokezi nazisikia kwa namna nyingine. Yule wa kisimani hakuondoka na mbwa. Hadithi haisemi alimpeleka kwake, akamjengea kibanda, akamlea. Alimpa maji, kila mmoja akaenda zake, na tendo likakamilika pale pale. Yule mwanamke naye, hesabu yake ilianza alipofunga mlango. Asingemfungia, paka angejitafutia panya na mende kama paka wengine. Ukishamfungia mnyama, umeziba njia zake zote za kujipatia riziki, na kuanzia hapo riziki yake ni wewe. Hapo ndipo kuasili kunapoanzia, na ndiyo maana sisi kituoni tunauliza maswali mengi kwa anayechukua kuliko kwa anayeleta.

Kati ya fundi na nyumba mpya kuna sisi. Sehemu hii watu hawaioni, na haina picha nzuri za kupeleka kwenye simu. Yule mbwa wa shimoni alipofika alikaa peke yake siku za mwanzo, mbali na wengine. Tulitaka kujua amebeba nini kabla hajamwambukiza jirani. Ugonjwa tunaouogopa kuliko yote ni parvo, wa kuhara damu, ambao unaweza kumaliza watoto wa mbwa wa banda zima kwa wiki moja. Kirusi chake hukaa sakafuni na kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida hakisikii. Angekuwa amemuuma mtu yeyote, angewekwa chini ya uangalizi siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na kirusi cha kichaa mateni alipouma huwa hamalizi siku hizo akiwa mzima.

Kisha tukaanza kumsafisha. Kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Na mgongoni alikuwa na uvimbe mdogo mdogo, kila mmoja una tundu katikati, na ukitazama kwa makini unaona tundu linapumua. Mama zangu hapa wanajua ni nini: funza wa yule nzi anayetaga kwenye mchanga wenye unyevu na kwenye nguo zilizoanikwa zikakaa, ndiyo sababu bibi zetu hawakubali uvae nguo ya kambani bila kupigwa pasi. Dawa yake si kisu. Unapaka vaselini nzito juu ya tundu, funza anakosa hewa, anachungulia, unambana taratibu pande mbili anatoka mzima. Ukimkata ndani, jeraha linaoza. Daktari alimtoa mmoja baada ya mwingine, mbwa amelala kichwa juu ya goti langu, hakulia hata mara moja. Baadaye akachanjwa, akafungwa kizazi, akala akanenepa. Kadi yake ikahamishwa faili: kutoka "wapya" ikaenda "wanaotafuta nyumba".

Hapo sasa ndipo anapokuja kijana wangu mmoja, kavaa vizuri, roho safi kabisa. Namuuliza, "Karibu kaka, tukusaidie nini?" Ananijibu, "Nimekuja kuokoa mbwa." Nikamwambia, "Ahsante, lakini hawa wote wameshaokolewa. Sasa tunatafuta mtu wa kuishi nao." Akacheka, akaona namtania. Akazunguka vizimbani akiuliza swali moja tu: "Yupi aliteseka zaidi?"

Swali hilo nalisikia kila mara na nimelichoka, niseme ukweli. Anayeuliza hivyo anachagua hadithi, na hadithi haihitaji kutolewa nje alfajiri ikakojoe. Mwenye jicho moja anachukuliwa siku ya kwanza. Mbwa wa kahawia wa miaka minne, mzima, mtulivu, aliyeletwa kwa sababu tu mwenye nyumba alihamia ghorofani, anakaa nyuma ya waya miezi. Hana cha kusimulia. Na yule mwenye jicho moja, aliyechukuliwa kwa huruma na mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kurudi saa mbili usiku, huyo ndiye ninayemwona tena getini.

Akirudishwa, sababu ninayopewa mara nyingi ni moja, kwa maneno tofauti tofauti. Hana shukrani. Nimemtoa kwenye kizimba, nimempa godoro, nimempa nyama, na yeye amejificha chini ya kitanda, amekojoa kwenye zulia, amemwonyesha shangazi meno. Ndugu zangu, mbwa hajui kwamba ameokolewa. Anajua kwamba jana alikuwa mahali alipopazoea na leo yuko mahali penye harufu ngeni na watu asiowajua. Wenzetu wanaofanya kazi hii nchi nyingi wana kipimo cha kukumbuka, cha tatu tatu: siku 3 za mwanzo ni za hofu, anaweza asile, wiki 3 anaanza kushika saa za nyumba, nani anatoka lini, chakula kinatoka wapi, miezi 3 ndipo anapojiona yuko kwao. Si sheria ya serikali, wengine huchelewa zaidi. Lakini aliyekuja kama mkombozi hana subira ya miezi 3, kwa kuwa yeye kazi yake anahesabu ilikwisha siku aliyopita getini. Aliyekuja kuasili ndiyo kwanza anaanza.

Mbwa wa shimoni alichukuliwa na mama anayeuza mbaazi na mahamri. Aliingia ofisini akakaa, mkoba magotini, akaniuliza: Ana umri gani? Akiona watoto anakimbilia au anakimbia? Chanjo ni kila mwaka, na bei yake? Anakula sima na dagaa au mmemzoesha nyama? Mimi naamka saa tisa usiku kukanda unga, je, atapigia kelele majirani? Na nikienda msibani bara wiki nzima, nimwachie nani, mtoto wa jirani wa miaka kumi na minne anafaa? Aliuliza kila kitu. Shimo hakuliuliza. Nilikuwa na hamu ya kumsimulia, nikajizuia. Tulipokwenda kuangalia kwake tukakuta ukuta, kivuli, na sufuria ya maji imeshawekwa kabla ya mbwa. Yeye wala hasemi ameokoa mtu. Anasema ana mlinzi wa kumsindikiza usiku anapotoka kuwasha jiko.

Sasa nigeukie kwa waokoaji, maana msifikiri nawasifu tu.

Si kila mnyama aliye barabarani amepotea. Mjini kwetu, na zaidi vijijini, mbwa wengi mnaowaona wakizurura wana wenyewe. Mchana wanatembea, usiku wanarudi kulinda. Ukimpakia mmoja ndani ya gari kwa nia njema, umemchukulia mtu mbwa wake, na kuna bibi mahali anashinda akimwita. Uliza kwanza: muuza maji, kinyozi, watoto. Watoto wanajua mbwa wa mtaa mzima kwa majina. Huenda anachohitaji ni chanjo ya leo na mwenyewe aambiwe amfunge kizazi. Tukifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo waliochanjwa, kichaa kinakosa njia ya kupita, na mbwa wa kufikisha hesabu hiyo ni hao hao wanaozurura wakiwa na wenyewe.

Watoto wa paka ndio balaa letu kubwa. Msamaria anawakuta wanne nyuma ya duka, kimya, joto, matumbo yamejaa, anawatia katika boksi anatuletea. Mama yao alikuwa ameenda kuwinda. Mtoto wa paka asiyefikisha wiki nne anatakiwa anyonyeshwe kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku na mchana, kwa maziwa maalumu kwa sababu ya ng'ombe yanamharisha, na kila akishanyonya afutwe sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji vuguvugu, la sivyo hata mkojo hautoki. Paka jike anafanya yote hayo bure na kwa ustadi kuliko daktari wetu yeyote. Ukiwakuta, rudi nyuma, kaa mbali, tazama saa kadhaa. Wakiwa wachafu, baridi, wanalia mfululizo, hapo leta. Wakiwa wameshiba wamelala, umewakuta kwao.

Na paka shume wa sokoni, yule mwenye kichwa kikubwa asiyeshikika, yeye nyumba haimfai kabisa. Umfungie sebuleni kwa mapenzi na umemtia gerezani. Huyo tunamtega, tunamhasi, tunamchanja, tunamkata ncha ya sikio akiwa usingizini ili ajulikane, tunamrudisha kwa wauza samaki wake. Ameokolewa na hakuasiliwa, na mambo yake ni sawa. Waliofika Lamu wameona jambo kama hilo kwa punda. Hospitali ya punda imekuwepo pale tangu miaka ya 1980. Punda mwenye kidonda cha tandiko au tumbo la kusokota anatibiwa, anarudi kwa mwenyewe. Hakuna anayewaza kumpora mchukuzi punda wake ili ampe mtalii.

Yuko pia mwokoaji asiyeweza kuachia. Huyu nawaonyesheni kwa uangalifu kwa sababu nampenda, ni mtu wa watu. Alianza na paka wawili. Kila anayelia alimchukua, kila aliyeulizia nyumba akamwona hafai. Siku tulipoitwa na majirani, harufu ilitupokea mwanzo wa kichochoro. Paka walikuwa juu ya makabati, ndani ya oveni, wenye mafua wamechanganyika na wazima, majike wenye mimba, na mwenyewe hajala tangu jana ili wao wale. Hakuna hata mmoja aliyefungwa kizazi. Paka jike hushika mimba hata kabla ya kufikisha miezi sita, anabeba kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Mama yule aliokoa sana. Alichokosa ni ule mlango wa pili, wa kutokea.

Kituo nacho kikikosa mlango huo, mambo huwa yale yale, tena mabaya zaidi. Watu wengi wanadhani kazi hii ilianza juzi. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa London mwaka 1824, na wakati huo shabaha ilikuwa farasi wa mikokoteni na ng'ombe wa machinjioni. Mwaka 1860 mwanamke aitwaye Mary Tealby akafungua London makao ya mbwa waliopotea, magazeti yakamcheka. Makao hayo yalihamia Battersea 1871 na yapo hadi leo. Nairobi hapa mizizi ya KSPCA, chama kama hicho cha Kenya, inarudi 1910. Kote huko kuokota kulikwenda haraka kuliko kupata nyumba, na vizimba vikijaa, waliozidi waliuawa. Marekani, kwa makadirio ya ASPCA, chama kama hicho cha huko, mwaka 2011 paka na mbwa milioni 2.6 waliuawa vituoni. Mwaka 2019 walikuwa 920,000. Wanaoingia walipungua pia, kwa sababu ya kufunga kizazi, lakini mwaka huo 2019 waliingia milioni 6.3 na walioasiliwa walikuwa milioni 4.1. Toeni hao milioni 4.1 muone hesabu ingekuwaje.

Kwa hiyo yule kijana wangu aliyetaka kuokoa, kwa hesabu ya kizimba, akimchukua mbwa wa kahawia anampa nafasi mwingine ambaye bado yuko shimoni mahali fulani. Sina ugomvi na mtu akijivunia hilo. Ila huyo atakayeokolewa hatamwona, na aliyenaye nyumbani hadaiwi shukrani kwa niaba yake.

Niwape na mfano mmoja wa kuchekesha kidogo. Hapo Nairobi, shirika la Sheldrick, lililoanzishwa 1977, linalea ndovu mayatima. Mtu aliye Ulaya analipa kwa mwaka, anapewa jina la ndovu na cheti, anasema ameasili ndovu. Ndovu huyo hatawahi kupanda ngazi za nyumba yake! Anayeamka kila baada ya saa tatu usiku kucha kumpa chupa ya maziwa, akalala naye bandani, ni mlezi aliyevaa koti, na mwisho wa yote ndovu anarudishwa Tsavo porini. Fedha za yule wa Ulaya ni halali na zina kazi kubwa, zinanunua maziwa. Hata kwetu unaweza kufanya hivyo: lipia chanjo ya mbwa wa kahawia bila kumpeleka kwako. Tutakushukuru kwa dhati. Ila usije ukadhani utakuwa umefanya alichofanya muuza mahamri.

Jambo la mwisho, kwa sababu nimeulizwa mara mbili tangu asubuhi na wazee wamenikonyeza. Sisi wa pwani tulio wengi ni Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Je, mtu wa namna hiyo ana nafasi katika kazi hii? Anayo, tena pana. Kuokoa mbwa hakumtaki mtu amlaze chumbani. Aliyeshuka kisimani alikuwa na khofu yake ya ngozi, wewe una gunia na glavu. Mbwa wa ulinzi anayelala kibandani nje, mwenye vyombo vyake, mashekhe wetu hawajamkataza. Na ambaye hata hilo halimkai, vizimba vya paka viko upande wa kushoto, wamejaa, na hakuna wa kukuuliza udhu. Ninachokuomba ni usimchukue mbwa kwa kuona haya mbele ya mgeni au kwa sababu mtoto amelia hapa uwanjani, halafu akaishi mnyororo wa mita moja na nusu maisha yake yote kwa kuwa hakuna anayetaka kumgusa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtambua mwenye mnyama na kumwajibisha kwa mateso yake. Haiulizi ulikuwa na nia gani siku ulipomchukua.

Na maisha yenyewe ni marefu. Mbwa anaishi miaka kumi, kumi na mitatu. Paka wa ndani hufika kumi na mitano na kuzidi. Mtoto wako wa darasa la pili aliyekuvuta mkono leo, mtu atakayempeleka paka huyo kwa daktari uzeeni ni wewe, yeye atakuwa chuo kikuu. Ukiona hilo ni zito, chukua mzee. Tunao mbwa wa miaka tisa, wamepoa, hawatafuni viatu, wanataka baraza tu. Au njoo uwe mlezi wa muda, wiki nne sita, umnyonyeshe mmoja wa wale wa boksi hadi afikie umri wa kuchanjwa, kisha umrudishe. Utalia siku ya kumrudisha. Wote hulia.

Basi. Daktari ananionyesha saa. Meza ya chanjo inafungwa saa nane, tafadhali mbwa wafungwe kamba fupi na paka wawe ndani ya vikapu, nimeona mmoja ameshikiliwa kwenye kanga na hatutaki mbio hapa. Wanaotaka kuasili, fomu ziko kwangu, na leo hakuna anayeondoka na mnyama. Tutakuja kwenu kwanza. Anayeishi nyumba ya kupanga aje na barua ya mwenye nyumba. Wanaotaka kujifunza kuokoa, mafunzo ya kutumia mitego na kufunga mdomo ni hapo nyuma ya lori, sasa hivi, na mje na taulo zenu wenyewe kwa sababu zetu hazijakauka.